Kampuni za Gemu na Kazi za Vijana: Je, Anayekataza Kuchukua Naye Hachukui?

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.



Siku za karibuni tulikuwa Mlangali, katika wilaya ya Ludewa, mkoa wa Njombe. Tulifuatana na ndugu yetu mfanyabiashara wa mbatata, ambazo wenyewe kule huziita viazi. Tuliteremka Makambako, pale njia ya Mbeya inapoachana na ya Songea, kisha tukaendelea milimani. Baridi ya kule si ya kuelezwa. Sisi watu wa visiwani tulikaa na makoti mpaka ndani ya nyumba. Waislamu si wengi, lakini waliopo walitupokea kwa ukarimu ambao Allah ndiye wa kuwalipa.

Mwenyeji wetu ana kijana wake ambaye amefungua kibanda cha gemu karibu na sokoni. Ana televisheni mbili. Moja ina mashine ya kawaida ya mpira. Ya pili imechomekwa nyuma yake kijiti kidogo, mfano wa kidole gumba, alichokinunua Makambako. Ndani ya kijiti hicho mna maelfu ya gemu za zamani, zile ambazo watoto wetu wa miaka ya tisini walizicheza kwa kaseti. Watoto wa skuli hulipa shilingi 200 kwa mchezo, naye kwa pesa hizo anamsaidia mama yake na anamlipia mdogo wake ada.

Usiku mmoja, baada ya Isha, kijana huyu alitukalia mbele akatuuliza: "Shehe, hapa kuna mzee ameniambia kijiti changu ni mali ya wizi, hela yake ni haramu. Lakini mimi nimesoma kwenye simu kwamba hata kampuni zenyewe zinazotengeneza gemu zinachukua programu walizoandika vijana mtandaoni bila malipo, wanazitia kwenye mashine zao, wanatuuzia upya. Sasa wakubwa wakichukua ni biashara, mimi nikichukua ni wizi?"

Hatukumjibu usiku ule. Tulimwambia: "Mwanangu, suala lako lina mambo mawili ndani yake. Moja ni habari, na habari huchunguzwa. La pili ni hukumu, na hukumu haitolewi kabla ya habari kusimama." Tuliporudi Unguja tukalifuatilia jambo hili, tukisaidiwa na wanafunzi wetu wa chuo kikuu wanaosoma kompyuta. Tumeona faida yake haitamfikia yeye peke yake, kwani vijiti kama kile vimo katika nyumba zetu nyingi, na vijana wetu wanaoandika programu wanazidi kila mwaka. Ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

EMULETA NI KITU GANI?

Mashine ya gemu ya zamani ilikuwa na vipande vyake maalumu vya umeme. Gemu iliyoandikwa kwa ajili yake haiwezi kuchezwa katika kompyuta au simu, kwa sababu maagizo yake hayaeleweki humo. Emuleta ni programu inayojifanya mashine ile ya zamani. Inayapokea maagizo ya gemu na kuyatekeleza kama ambavyo vipande vya asili vingeyatekeleza.

Tupige mfano wa nyumbani. Wazee wetu waliandikiana barua na hati za mashamba kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu. Leo mtoto akiikuta barua ya babu yake sandukuni hawezi kuisoma. Humpelekea mtu aliyejifunza hati zile, naye akamsomea. Barua ni mali ya mwenye barua, lakini ujuzi wa kuisoma ni wa msomaji, ameutafuta kwa jasho lake. Gemu ni ile barua. Emuleta ni yule msomaji. Ni vitu viwili, na vina wenyewe wawili.

Watu wengi huchanganya hapa. Husema emuleta yenyewe ni wizi. Mahakama za Marekani hazikusema hivyo. Mwaka 1999 kampuni ya Sony iliishitaki kampuni ya Connectix, iliyotengeneza programu ya kuchezesha gemu za PlayStation katika kompyuta. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kuichunguza mashine ya Sony ili kutengeneza programu inayofanya kazi kama yake, bila ya kuuza ndani yake maandishi ya Sony, ni matumizi ya halali. Mwaka uliofuata Sony iliinunua programu ile kutoka kwa Connectix, na haikuuzwa tena.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kutenganisha: emuleta, gemu, na ruhusa ya kila kimoja. Asiyeyatenganisha atahukumu kwa kukisia.

HABARI YA KWANZA: NINTENDO NA MUHURI NDANI YA MARIO

Kampuni ya Nintendo ya Japani ndiyo inayojulikana zaidi kwa ukali. Kwa miaka mingi tovuti yake iliwaeleza watu kuwa emuleta za mashabiki ni tishio kubwa kwa haki za watengenezaji wa gemu. Mwaka 2024 iliwashitaki waliotengeneza emuleta iitwayo Yuzu, na katika muda wa siku chache tu wale walikubali kulipa dola milioni 2.4 na kuifunga kazi yao.

Sasa, mwaka 2006 Nintendo ilifungua duka ndani ya mashine yake ya Wii, ikawa inauza upya gemu zake kongwe. Miongoni mwake ilikuwamo Super Mario Bros., gemu ya mwaka 1985. Mwaka 2016 Mmarekani mmoja mtafiti wa historia ya gemu, Frank Cifaldi, alisimama katika mkutano wa watengenezaji wa gemu huko San Francisco akaeleza alichokikuta. Ndani ya nakala ya Mario iliyouzwa na Nintendo mlikuwa na utangulizi mdogo wa baiti 16 ambao haumo katika kaseti ya asili. Utangulizi huo ni wa mashabiki. Uliletwa na emuleta iitwayo iNES, iliyoandikwa miaka ya tisini na Marat Fayzullin, ili emuleta ijue kaseti iliyonakiliwa ni ya aina gani.

Ni kama mtu akukatalie asiingie chumbani mwako, kisha siku moja ukakute kwenye kitabu anachokuuzia muhuri wa maktaba yako. Watu wakasema: "Basi, Nintendo imeichota gemu yake mwenyewe kutoka kwa wale wale inaowaita wezi, ikatuuzia!"

Habari ikaenea hivyo, na mpaka leo wengi huisema hivyo. Lakini Qur'ani katika Surat Al-Hujuraat imetufunza kuichunguza habari kabla ya kuwaangukia watu kwa ujinga, na mafunzo hayo hayawahusu wanaotupendeza peke yao. Wachunguzi walipotazama zaidi walikuta jambo jengine. Mjapani mmoja, Tomohiro Kawase, alikuwa amechangia katika ile iNES, kisha akaajiriwa Nintendo. Jina lake linaonekana katika orodha ya waliotengeneza gemu ya Animal Crossing, iliyokuwa na gemu za kale za Nintendo ndani yake, na huko ameandikwa kwa kazi ya emuleta. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuwa Nintendo ilizinakili kaseti zake yenyewe, na mtumishi wake akatumia mpangilio aliouzoea tokea alipokuwa shabiki.

Tunachoweza kukisema kwa yakini ni hiki: mpangilio ulibuniwa na mashabiki, na Nintendo iliutumia. Kwamba iliteremsha gemu kutoka mtandaoni, hilo halijathibiti. Kampuni inaweza kuwa imemchukua mtu pamoja na elimu yake, ikamlipa mshahara, na hilo halina lawama. Lakini lipo somo: elimu ile ilizaliwa nje ya kuta zake, katika mikono ya vijana ambao baadaye iliwaona kuwa maadui.

HABARI YA PILI: SONY NA RUHUSA YENYE SHARTI

Tarehe 3 Disemba 2018, siku iliyotimia miaka 24 tokea PlayStation ya kwanza kutoka Japani, Sony ilitoa mashine ndogo iitwayo PlayStation Classic. Ilikuwa na gemu 20 na iliuzwa kwa dola 99.99 huko Marekani. Watu walipofungua ukurasa wa leseni ndani ya mashine walikuta jina la PCSX ReARMed. Hiyo ni emuleta ya mashabiki, iliyoanza kwa jina la PCSX, ikapita mikono mingi, kila mmoja akiongeza chake, bila kulipwa na Sony hata senti.

Yaani kampuni ile ile iliyokwenda mahakamani mwaka 1999 kuzizuia emuleta za PlayStation, miaka 19 baadaye imeuza PlayStation inayoendeshwa na emuleta ya watu wa nje.

Je, ilidhulumu? Hapa lazima tuwe waadilifu. Walioandika PCSX waliitoa kwa leseni huria. Leseni hiyo humruhusu yeyote kuichukua, kuibadilisha, hata kuiuza, kwa masharti: asifiche ilikotoka, na atakayeigawa kwa watu awape pia nafasi ya kuupata msimbo wake pamoja na mabadiliko aliyoyafanya, ili nao wanufaike kama yeye alivyonufaika.

Tunaweza kuifananisha na kisima cha wakfu, ingawa kisheria si wakfu. Aliyekichimba amesema: "Kila mtu ateke, na asiwepo wa kukizungushia ukuta." Tajiri akija na ndoo kumi hatumwiti mwizi, maana aliyechimba amemruhusu. Atakapojenga ukuta na kusema kisima ni chake, hapo ndipo panapokuwa na kesi. Sony iliitaja emuleta kwa jina lake. Kwa kipimo cha leseni, kuchukua kwake kulikuwa kwa ruhusa.

Kilichobaki ni aibu ya kauli na kitendo kugombana, na aibu si sawa na wizi. Na la kushangaza, wanunuzi wengi hawakuridhika na mashine ile. Gemu tisa katika zile 20 zilikuwa za toleo la Ulaya, ambalo mwendo wake kwa wengi ni wa polepole zaidi. Emuleta ya vijana ilikuwa nzuri, lakini uangalizi wa wenye mali ulikuwa pungufu.

HABARI YA TATU: CAPCOM NA MSHIRIKA ALIYEUZA

Habari hii ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayosemwa kidogo kuliko zote.

Mwaka 2019 ilitoka mashine ya Capcom Home Arcade, ubao mkubwa wenye vijiti viwili vya kuchezea na gemu 16 za Capcom, kwa bei ya karibu euro 230. Ilitengenezwa na kampuni ya Koch Media kwa ruhusa ya Capcom. Emuleta iliyotiwa ndani inaitwa FB Alpha. Hii pia ni kazi ya mashabiki wengi kwa miaka mingi, lakini leseni yake haikuwa kama ya PCSX. Leseni yake ilikataza kutumiwa kibiashara.

Vipi basi iliuzwa? Mmoja katika waliokuwa wakiisimamia alitoa idhini kwa upande wake. Wenziwe waliochangia walisema hawakuulizwa na hawakuridhia kazi yao iuzwe. Baadhi yao wakajitenga, wakaanzisha mradi mwengine wakauita FinalBurn Neo.

Ndugu zetu, mas-ala haya hayahitaji kompyuta kuyafahamu. Watu watano wana shamba la mikarafuu la urithi. Mmoja analisimamia, wengine wako Dar es Salaam na Muscat. Msimamizi akamuuzia tajiri shamba zima. Mafaqihi wetu wamesema wazi kwamba katika mali ya ushirika wa namna hii kila mshirika ni kama mtu wa nje katika fungu la mwenziwe. Anauza fungu lake, hauzi la mwenziwe ila kwa idhini yake. Na tajiri naye haponi kwa kusema "nilikuta msimamizi". Anayenunua shamba huuliza warithi ni wangapi.

Usimamizi ni amana, na anayeishika kazi ya wenziwe ameishikia. Kampuni kubwa yenye wanasheria haikosi uwezo wa kuuliza kabla ya kuchukua.

KWA NINI WENYE MALI WACHUKUE KWA WASIO NA MALI?

Mtu atauliza: kampuni hizi zina fedha na wahandisi, kwa nini wasiandike emuleta zao? Baadhi huandika. Nintendo ina tawi lake Paris ambalo limetengeneza emuleta za mashine zake ndogo za mwaka 2016 na 2017. Nyengine humwendea shabiki kwa mlango wa mbele. Sega, katika mwaka 1999, iliuza mkusanyiko wa gemu zake kwa kompyuta ikitumia emuleta ya KGen, ya shabiki aitwaye Steve Snake, kwa makubaliano naye.

Lakini sababu kubwa ni kuwa elimu imehama. Wahandisi waliotengeneza mashine za miaka ya themanini wamestaafu au wamefariki. Karatasi zao zimepotea. Vipande vya umeme havitengenezwi tena. Muda wote ambao kampuni zilikuwa zinaangalia mbele, mashabiki walikuwa wanafungua mashine kuukuu, wanapima kila kipande, wanaandika na kusahihishana. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, aliyoiasisi yule Cifaldi, ilitoa utafiti ulioonesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena kununuliwa kwa njia ya kawaida. Aliyezihifadhi ni shabiki. Kampuni inapotaka kuzifufua, inamkuta yeye mlangoni.

Hata sisi tunalijua hili. Mara ngapi ofisi imetupa madaftari yake ya zamani, kisha ikaja kuomba nakala kwa mzee aliyeyaokota akayahifadhi chini ya kitanda?

MIZANI

Tumezipata habari tatu, na kila moja ina hukumu yake. Ya kwanza ni tuhuma ambayo haijathibiti. Ya pili ni kuchukua kwa ruhusa, ingawa kunapingana na maneno ya zamani. Ya tatu ni mzozo wa kuuza kilichoshirikiwa bila ya ridhaa ya wote. Asemaye "makampuni yote yanaiba" amekosea, na asemaye "makampuni hayachukui kitu kwa mashabiki" amekosea pia.

Yako yanayowagusa wenye kampuni. Surat Al-Mutaffifiin imewaonya wanaodai kipimo kilichojaa wanapopokea, kisha wakapunguza wanapowapimia wengine. Watu huisoma sura hiyo wakafikiria pishi na mizani ya duka. Lakini haki nazo hupimwa. Anayedai dola milioni 2.4 kwa haki yake, naye apime kwa pishi hiyo hiyo anapotumia alichokibuni kijana asiye na wakili: amtaje, atimize sharti lake, na ikihitajika amlipe. Waislamu tumefunzwa kushikamana na masharti tuliyowekeana, na akili iliyo salama inalikubali hilo hata kwa asiyekuwa Muislamu.

Na yako yanayotugusa sisi. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa lilikutana Kuwait mwezi wa Disemba 1988, likaamua kwamba haki za utunzi, uvumbuzi na alama za biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, na haifai kuzivamia. Sheria za nchi nazo ziko hapo. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Zanzibar tuna Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na COSOZA ndiyo inayoisimamia. Programu ya kompyuta inalindwa kama kinavyolindwa kitabu.

JAWABU LETU KWA KIJANA WA MLANGALI

Tumempigia simu, tukamwambia kama ifuatavyo.

Kwanza, kosa la mkubwa haligeuki kuwa ruhusa kwa mdogo. Surat Al-Maaida imetukataza chuki juu ya watu isitutoe katika uadilifu. Ikiwa Capcom ilikosa kwa waandishi wa FB Alpha, waliokosewa ni waandishi wale. Hawakutukabidhi sisi haki yao ili tulipize kwa kuchukua gemu.

Pili, kijiti chake kina matatizo mawili. Gemu zilizomo zina wenyewe, na aliyezijaza humo kwa maelfu hakuonesha idhini yoyote. Emuleta zilizomo nazo aghalabu ni za vijana wale wale, na baadhi yao wamekataza kazi zao kuuzwa. Aliyetengeneza kijiti amewapita wote wawili, tajiri na maskini. Kwa hiyo yule mwenye hoja kwamba "tunawakomoa matajiri" ajue kwamba anawakomoa pia wale vijana anaowatetea.

Tatu, wapo wanazuoni wa zama hizi waliofanya wepesi kwa anayenakili kwa haja yake binafsi kitu ambacho hakipatikani tena kununuliwa, asikifanye biashara. Sisi hatumkazii mtu katika nyumba yake jambo ambalo wanazuoni wamelitofautiana. Lakini kibanda ni biashara. Kila shilingi 200 inayoingia ni malipo ya kazi ya mtu ambaye hakuulizwa. Hapo hatukuona njia ya kumrahisishia.

Nne, hatukumwambia avunje kibanda kesho na mama yake alale njaa. Tulimshauri asinunue kijiti chengine, akitoe hicho katika biashara, na televisheni ile ya pili aiwekee mashine iliyotumika pamoja na diski zake za asili. Ziko pia gemu na programu ambazo watunzi wake wameziachia kwa leseni huria, na baadhi ya leseni hizo zinaruhusu hata biashara. Azisome kwanza masharti yake. Mwenyeji wetu, Allah amjaze kheri, amesema atamuongezea mtaji baada ya mavuno ya viazi.

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Shehe, kumbe wale wa emuleta na mimi tuko upande mmoja." Tukamwambia: "Ndiyo, ikiwa utawatendea kama unavyotaka Sony iwatendee."

NA SISI VISIWANI

Hatutafunga makala bila ya kujitazama wenyewe. Katika miaka ya tisini sisi tuliokuwa tukisomesha madrasa tulinakili kaseti za qaswida na mawaidha, tukaziuza kwa ajili ya kununulia mabusati ya chuo. Hatukumuuliza msomaji hata mmoja. Tuliona nia ni njema, na inatosha. Leo tunajua kwamba nia njema haisimami mahali pa idhini ya mwenye mali. Wale tuliowakuta hai tumewaomba radhi. Waliotangulia tunawaombea, na tumezungumza na warithi wao.

Basi wazazi, tuna mambo matatu ya kuyafanya majumbani mwetu.

La kwanza, tusiwaite wezi watoto wetu kwa kuwa tu wamesikika wakitaja neno emuleta. Tuwaulize: programu hii ya nani, gemu hii ya nani, na amekuruhusuni nini? Mtoto akizoea kuuliza masuala hayo matatu, yatamfaa dukani, ofisini na katika mirathi.

La pili, kijana wenu anayeandika programu katika simu yake usiku, msimuone anapoteza wakati. Mumshauri aiwekee kazi yake leseni kabla ya kuiachia watu, ajue anatoa nini na anabakisha nini, na wakiwa wengi waandikiane mapema nani ana fungu gani. Waandishi wa FB Alpha waliachana kwa jambo ambalo mara nyingi makubaliano yaliyo wazi hulizuia.

La tatu, tunaponunua kitu rahisi kupita kiasi, chenye maelfu ya kazi za watu ndani yake, tujiulize nani amelipwa. Ikiwa jawabu ni "hakuna", basi urahisi ule ameulipia mtu mwengine.

Tunamuomba Allah atupe rizki ya halali yenye baraka, amfungulie kijana wetu wa Mlangali mlango ulio bora kuliko alioufunga, na atusamehe yale tuliyoyachukua kwa kutojua. Haya ndiyo tuliyoyaona. Tukiwa tumepatia ni kwa tawfiki ya Allah, na tukiwa tumekosea ni kutokana na nafsi zetu.

Wallaahu A'lam.